Nina kadi tano na nataka nyumba mwakani: nifunge ipi, niombe ipi?

#1 Mpangaji_Sugu
Wakuu, salamu. Niko Marekani, mimi na mke wangu tunataka kuomba mkopo wa nyumba mwakani, na nimeona nisafishe kadi zangu za mkopo mapema. Ninazo tano. Ya kwanza niliipata nikiwa mwanafunzi. Haina ada, limiti dola 1,000, imelala kabatini. Ya pili ni ya duka la samani, limiti 4,500, na samani zenyewe nimeshamaliza kulipia. Ya tatu ni Citi Double Cash, limiti 6,000, hiyo ndiyo ninayotembea nayo. Ya nne ni ya shirika la ndege, limiti 5,000, ada yake haifiki dola 100. Ya tano ni Amex (American Express) Gold, na ada yake ya dola 325 inaingia mwezi ujao.

Kinachonitia hofu ni hiki: mwezi juzi nilifunga kadi ya duka la nguo yenye limiti ya 3,500, na sikuwa nadaiwa hata senti. Haukupita muda alama zangu za mkopo (ile namba inayoonyesha unavyoaminika kukopa) kwenye programu ya simu zikashuka kwa 27. Sasa nilitaka kufunga Gold na ile ya samani, halafu niombe kadi ya Chase Sapphire Preferred kwa ajili ya bonasi ya kujiunga, lakini naogopa kugusa kitu. Kwa nini zilishuka? Na nianze na ipi?

#2 MkongweWaKadi
Zilishuka kwa sababu umekata historia yako. Benki inataka kuona umekaa na mikopo miaka mingi bila kuleta shida; ukifunga kadi, miaka yake inaondoka nayo. Mimi sijawahi kufunga kadi na sitafunga. Hiyo ya mwanafunzi ilinde kama mboni ya jicho.

#3 HesabuNiHesabu
Mkuu #2, kwenye miaka si kweli, angalau kwa FICO, alama ambazo benki nyingi huzitumia. Kadi iliyofungwa ikiwa safi hubaki kwenye ripoti yako ya mikopo hadi miaka 10, na muda wote huo FICO inaendelea kuihesabia umri wake. Kilichoondoka siku aliyofunga ni limiti. Mgawanyo wao wameutangaza wenyewe: kulipa kwa wakati 35%, kiasi unachodaiwa 30%, urefu wa historia 15%, mikopo mipya 10%, mchanganyiko wa mikopo 10%. Limiti inaingia kwenye ile 30.

Mpangaji, stetimenti (bili ya mwezi) ya mwisho ya Double Cash ilitoka na dola ngapi?

#4 Mpangaji_Sugu
1,900 hivi. Lakini nalipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, sijawahi kulipa riba.

#5 HesabuNiHesabu
Kulipa yote ni vizuri, endelea hivyohivyo. Ila benki nyingi hutuma taarifa kwa Equifax, Experian na TransUnion, mashirika matatu yanayotunza ripoti za mikopo, karibu na siku stetimenti inapofungwa, yaani kabla hujalipa. Kwa hiyo wao wanakuona unadaiwa 1,900.

Piga hesabu. Kabla ya kufunga, limiti zako zote zilikuwa 20,000 (Gold naiacha nje kwa kuwa haina limiti iliyotangazwa), ukawa unatumia 9.5%. Baada ya kufunga zimebaki 16,500, deni lilelile ni 11.5%. Ukifunga na ya samani na ya mwanafunzi, unabaki na 11,000, na 1,900 ileile inazidi 17%. Hujaongeza matumizi hata kidogo, lakini kwenye karatasi unaonekana umebanwa.

#6 Chuma_cha_Pua
9.5 kwenda 11.5 ndiyo ishushe alama 27? Siamini. Alama huangalia jumla, na huangalia pia kadi mojamoja: 1,900 kwenye limiti ya 6,000 ni karibu 32% ya kadi hiyo. Mwezi wa nyuma yake stetimenti ilisomaje?

#7 Mpangaji_Sugu
Kama 700. Mwezi wa ile 1,900 tulibadilisha matairi na kukata tiketi. Halafu kuna jambo sikulitaja: ni mwezi uleule nilipomaliza mkopo wa gari.

#8 Binti_Pwani
Sasa tumepata mshukiwa wa tatu, na mwenye nyumba alikuwa amemficha! Huo mkopo wa gari ulikuwa mkopo wako pekee wa kulipa kwa awamu? Kama ndiyo, ripoti yako imebaki na kadi tupu. Mimi nilimaliza wangu bila kugusa kadi yoyote, alama zikashuka zenyewe, zikachukua miezi kurudi. Inaudhi kuadhibiwa kwa kumaliza deni, lakini ndivyo hesabu zao zilivyo: mkopo unaoendelea kulipwa vizuri na umebaki kidogo unapendwa kuliko uliokwisha.

#9 Chuma_cha_Pua
Mimi nabaki na 32% ya kadi moja. Mkopo wa gari nimeona watu wanaumaliza na alama hazitikisiki.

#10 Nyundo
Wote mnabishana bila kuuliza swali la kwanza. Programu ya simu inaonyesha alama gani? Nyingi za bure zinaonyesha VantageScore, alama za kampuni nyingine, si FICO. VantageScore huweza kuiacha nje kadi iliyofungwa inapopiga hesabu ya umri. Kwa hiyo #2 anaweza kuwa sahihi kwenye alama anazoziona Mpangaji, na #3 akawa sahihi kwenye alama atakazoziona afisa wa benki. Namba zote mbili zinatoka 300 hadi 850, ndiyo maana watu wanazichanganya.

#11 MkongweWaKadi
Nyundo, Mungu akuzidishie. Nilijua sikupotea mzimamzima.

#12 HesabuNiHesabu
Nakubali hoja ya #10. Lakini kwa nyumba, itakayomhusu ni FICO.

#13 Mstaafu_wa_Mogeji
Nimefanya kazi upande wa mikopo ya nyumba miaka mingi, niongeze kidogo.

Kwa mikopo inayouzwa kwa Fannie Mae na Freddie Mac, yale mashirika yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, kilichozoeleka ni FICO za zamani: toleo la 2 kwa Experian, la 5 kwa Equifax, la 4 kwa TransUnion. Kila mwombaji anachukuliwa zile tatu, inatumika ya katikati. Mkiomba wawili, kwa kawaida alama za aliye chini ndizo zinazoamua bei ya mkopo. Kwa hiyo Mpangaji, kabla hujahangaika na 27 zako, angalia za mkeo.

Julai 2025 FHFA, wasimamizi wa mashirika hayo mawili, ilitangaza kwamba benki zitaruhusiwa kutumia VantageScore 4.0 pia. Tangazo ni tangazo; uliza benki yako inatumia ipi leo.

La pili: usifungue kadi mpya ukiwa unakaribia kuomba. Ombi la kadi linaleta ukaguzi mzito (benki kuvuta ripoti yako), unaokaa kwenye ripoti miaka 2 ingawa FICO inaujali mwaka mmoja tu. Ukaguzi mmoja hupunguza alama chache, si tatizo kubwa. Tatizo ni akaunti mpya yenyewe: inashusha wastani wa umri, na afisa atakuandikia barua akutake ueleze umekopa nini na kwa nini. Ripoti huangaliwa tena kabla ya kufunga mkataba. Nimeona watu wakipoteza nyumba wiki ya mwisho kwa sababu walichukua kadi ya duka ili wapate punguzo la jokofu.

#14 Panda_Ndege
Mzee Mstaafu heshima yako, lakini amesema mwakani, si mwezi ujao. Miezi 12 inatosha kabisa kuchukua Sapphire Preferred sasa, ada yake ni dola 95 tu, apate bonasi, alama zipone. Ndiyo kadi ya kuanza nayo kwa sababu ya sheria ya 5/24 ya Chase: ukiwa umefungua kadi tano au zaidi za benki yoyote ndani ya miezi 24, wanakukataa hata kama alama zako ni 800. Chase hawajaiandika popote kwenye masharti yao, lakini kila anayefuatilia kadi anaijua. Kwa hiyo Chase kwanza, wengine baadaye.

#15 Mpangaji_Sugu
Ndani ya miezi 24 nimefungua Gold, ya ndege, ya samani na ile ya nguo niliyoifunga. Kwa kuwa nimeifunga niko kwenye tatu, sivyo?

#16 Panda_Ndege
Hapana mkuu. Kufunga hakufuti. Wanahesabu tarehe ya kufunguliwa. Uko kwenye nne, una nafasi moja. Na kama mkeo alikuongeza kama mtumiaji wa ziada kwenye kadi yake, hiyo nayo inaonekana kwenye ripoti yako na inahesabika.

#17 Chuma_cha_Pua
Inategemea. Kadi ya duka isiyo na nembo ya Visa wala Mastercard, inayotumika dukani humo tu, watu wengi wanasema Chase hawaihesabu. Yenye nembo wanaihesabu. Mpangaji, za samani na nguo zina nembo?

#18 Mpangaji_Sugu
Ya samani haina. Ya nguo ilikuwa na Mastercard.

#19 Panda_Ndege
Basi uko kwenye tatu au nne. Nimewahi kusikia mtu aliyehesabiwa hata ile isiyo na nembo, akapiga simu kuomba wamwangalie upya, wakamkubalia. Kwa usalama jihesabu nne.

#20 Mstaafu_wa_Mogeji
Nirudi kwa kijana wangu #14. Chukua mkopo wa dola 300,000 wa miaka 30. Kwa riba ya 6.5% unalipa kama 1,896 kwa mwezi. Kwa 6.75% unalipa kama 1,946. Dola 50 tu kwa mwezi, lakini miaka 30 ni karibu 18,000. Bonasi ipi ya kadi inafika hapo? Bonasi zipo kila siku, nyumba ya kwanza unanunua mara moja.

#21 Panda_Ndege
Hesabu ni sawa, ila umechukulia kwamba kadi moja miezi 12 kabla itampandishia riba robo asilimia. Bei za mikopo zinakwenda kwa madaraja ya alama. Aliye juu kabisa ya daraja akipungukiwa na alama tano bado yuko daraja lilelile. Kwanza ajue yuko wapi.

#22 Mstaafu_wa_Mogeji
Hapo umesema kweli. Na hajatuambia alama zake.

#23 Shangazi_Kiwira
Wanangu, mmeacha Gold ambayo ada yake iko mlangoni. Mimi ninayo, nieleze.

Dola 325 zinaonekana nyingi, wao wanakuambia unazirudisha. Kwa mpangilio ulioanza 2024, unapewa 120 za Uber, 120 za migahawa teule, 100 za Resy (programu ya kuwekea meza mgahawani), 84 za Dunkin' (maduka ya kahawa). Ukijumlisha unaona umepata zaidi ya ada. Sasa angalia zinavyokuja. Za Uber dola 10 kwa mwezi, usipotumia mwezi huo zimepotea. Za migahawa 10 kwa mwezi, kwenye majina machache tu, na lazima ujiandikishe kwanza kwenye akaunti yako. Za Resy 50 kila nusu mwaka. Za Dunkin' dola 7 kwa mwezi. Mimi nilijikuta nanunua kahawa nisiyoitaka tarehe 30 ili dola zisipotee. Hayo si mapato, ni matumizi niliyopangiwa na mtu mwingine.

Kinachonibakiza nayo ni pointi 4 kwa kila dola kwenye supamaketi za Marekani, hadi dola 25,000 kwa mwaka. Nina familia kubwa, napika kila siku. Mpangaji, nyumbani mko wangapi?

#24 Mpangaji_Sugu
Wawili na mtoto mdogo, shangazi. Kwa chakula hatufiki dola 600 kwa mwezi.

#25 HesabuNiHesabu
600 mara 12 ni 7,200. Kwa pointi 4 unapata 28,800 kwa mwaka. Double Cash ingekurudishia 2%, yaani dola 144, bila ada. Ili Gold ishinde kwa chakula peke yake, pointi hizo zikupe thamani ya 325 na 144, yaani 469. Ni zaidi ya senti 1.6 kwa pointi moja. Inawezekana kwa tiketi za ndege, lakini si kila mtu anaifikia. Ukitumia dola 120 za Uber ambazo ungezitumia hata hivyo, inashuka hadi kama senti 1.2. Hapo ndipo Gold inapokufa au kupona kwako: ni vitu gani kati ya hivyo ungevinunua hata kama kadi isingekuwepo?

#26 Binti_Pwani
Kabla ya kuifunga piga simu, au fungua mazungumzo kwenye akaunti yako, uwaambie unafikiria kuondoka kwa sababu ya ada. Mara nyingi wanaleta ofa ya kukubakiza: pointi kadhaa ukitumia kiasi fulani, au sehemu ya ada kurudishwa. Wakikuambia hakuna, asante na kwaheri. Usiseme tu "ifunge" kabla hujasikia.

#27 Nyundo
Na usifunge kabla ya mwaka kutimia. Masharti ya Amex yanasema ukifunga au kuishusha daraja ndani ya miezi 12 wanaweza kuchukua bonasi waliyokupa. Subiri ada ionekane kwenye stetimenti, kisha una siku 30 tangu stetimenti hiyo ilipofungwa. Ukifunga ndani yake ada inarudi yote.

Jambo jingine: Gold unaweza kuishusha kuwa kadi ya Amex Green, ambayo nayo ina ada ya 150. Haishuki hadi kadi isiyo na ada. Na ukumbuke kwa Amex bonasi ya kadi moja kwa kawaida ni mara moja tu maishani. Ukiifunga leo ukairudia miaka mitatu ijayo, usitegemee bonasi tena.

#28 Mpangaji_Sugu
Asanteni. Nina pointi kama 70,000 kwenye Gold. Nikiifunga zinakwenda wapi?

#29 Panda_Ndege
Zinapotea! Kama huna kadi nyingine ya Amex inayokusanya pointi hizohizo, zihamishe kwanza kwenye mpango wa maili wa shirika la ndege. Kwa sisi wa Afrika Mashariki njia mbili ninazozipenda: Flying Blue ya Air France na KLM, ambayo unaweza kukatia hata Kenya Airways kwa kuwa wote wako kwenye muungano wa SkyTeam; au Aeroplan ya Air Canada, inayokufikisha kwa Ethiopian kupitia Addis Ababa kwa kuwa wako kwenye muungano wa Star Alliance. Lakini ukishahamisha hazirudi, kwa hiyo tafuta kwanza kiti kipo tarehe unayotaka, ndipo uhamishe. Maili za kadi yako ya ndege ni tofauti, hizo ziko kwenye akaunti ya shirika lenyewe. Ukifunga kadi zinabaki.

#30 Dada_Mkubwa
Desemba hakuna kiti cha pointi cha maana, tusidanganyane. Mimi huwa naenda Februari.

#31 Panda_Ndege
Dada, Desemba vipo, ila uwahi mapema sana na usichague siku. Shida ni tozo: Flying Blue wanaweza kukutoza mamia ya dola juu ya maili zako. Aeroplan hawaongezi ile tozo ya mafuta, unalipa kodi na ada ndogo yao.

#32 Mjomba_Bila_Deni
Mimi sina kadi hata moja na nalala usingizi. Mnazunguka na pointi, benki inakula. Riba za kadi hizi zimezidi 20%. Mkisikia bonasi mnasahau kwamba anayelipia bonasi ni yule aliyeshindwa kulipa.

#33 Binti_Pwani
Mjomba, hilo la anayelipia nakuunga mkono kabisa, na linaniuma. Lakini bila historia yoyote ya mkopo, nyumba utainunua kwa keshi? FICO haiwezi hata kukutolea alama kama huna akaunti iliyofikisha miezi sita.

#34 Mjomba_Bila_Deni
Nitapanga. Kupanga si dhambi.

#35 Dada_Mkubwa
Kwa vile tumegusa benki inayokula: wanaotuma pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo kupitia programu za simu, acheni. Benki nyingi wanaihesabu kama umetoa keshi kwa kadi. Unakatwa ada palepale, na riba inaanza siku ileile, hakuna ule muda wa kusubiri stetimenti, wala pointi hupati. Tumieni akaunti ya benki au kadi ya debiti. Rafiki yangu alikuwa anamtumia mama yake ada ya hospitali kila mwezi hivyo, akidhani anakusanya pointi.

#36 Shangazi_Kiwira
Uliyosema #35 yabandikwe juu ya uzi huu.

#37 Nyundo
Turudi kwa Mpangaji. Ile ya samani, ulichukua mpango wa "miezi 12 bila riba"?

#38 Mpangaji_Sugu
Ndiyo, na nilimaliza kabla ya muda.

#39 Nyundo
Safi, maana zile nyingi ni riba iliyoahirishwa. Ukibakiza hata dola 20 siku ya mwisho, wanakutoza riba ya kiasi chote kuanzia siku uliyonunua. Kwa kuwa umemaliza, sioni ubaya wa kuiacha wazi. Haina ada, inakushikia limiti 4,500. Baada ya nyumba ifunge kama inakukera.

#40 Chuma_cha_Pua
Napinga. Kadi ya duka moja huitumii kokote, na usipoitumia wataifunga wenyewe, tena hawalazimiki kukuarifu mapema kwa sababu ya kutotumika. Bora ufunge wewe ukiwa umejipanga kuliko ifungwe wiki afisa wa mkopo wa nyumba anapovuta ripoti.

#41 HesabuNiHesabu
Dawa ni kununua kitu kidogo kila miezi michache. Ya mwanafunzi ibebeshe bili moja ndogo ya kila mwezi, weka malipo ya otomatiki ya stetimenti yote, irudishe kabatini.

#42 Dada_Mkubwa
Anayefunga kadi iliyowahi kubeba deni la mwezi hadi mwezi asikilize. Nililipa deni lote lililoonekana kwenye benki moja, nikafunga siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata ikaja stetimenti ya dola chache: riba ya zile siku kati ya stetimenti na siku niliyolipa. Nilikuwa nimehama, barua ikaenda anwani ya zamani, na kwenye tovuti nilikuwa nimeshafungiwa. Nilipojua, ilikuwa imebaki kidogo ifike siku 30 za kuchelewa, ambazo ndizo zinazopelekwa kwenye ripoti na kukaa miaka 7. Kwa dola chache! Kwa hiyo lipa, subiri stetimenti moja au mbili zitoke sifuri, hakikisha hakuna bili ya otomatiki iliyojificha humo, ndipo ufunge. Kisha vuta ripoti zako annualcreditreport.com, siku hizi ni bure kila wiki, uone imeandikwa imefungwa kwa ombi la mteja.

#43 Mpangaji_Sugu
Hili sikulijua, asante dada. Swali la mwisho: mke wangu hana kazi kwa sasa, analea mtoto. Yuko kwenye Double Cash yangu kama mtumiaji wa ziada tu. Mzee Mstaafu ameniambia niangalie alama zake. Anaweza kuomba kadi yake mwenyewe bila kipato?

#44 Mstaafu_wa_Mogeji
Anaweza. Sheria ya kadi ya 2009 ilibana mtu aonyeshe uwezo wa kulipa, na mwanzoni wake waliokaa nyumbani walikuwa wanakataliwa. Mwaka 2013 CFPB, wakala wa serikali wa kulinda wateja wa huduma za fedha, wakarekebisha kanuni: mwenye miaka 21 au zaidi anaweza kuandika kipato cha mwenzi wake ambacho kwa haki anatarajia kukitumia. Akikataliwa, benki inapaswa kumjulisha ndani ya siku 30 na kumpa sababu au kumweleza namna ya kuziomba. Barua hiyo asiitupe, inaonyesha ni shirika gani walikovuta ripoti.

Lakini mimi ningeuliza kwanza kama anahitaji kuwemo kwenye mkopo wa nyumba. Kama kipato ni chako peke yako, unaweza kuomba wewe, na jina lake likaingia kwenye hati ya nyumba. Inategemea jimbo, ulizeni.

#45 Panda_Ndege
Basi jibu limepatikana! Mpangaji asiombe kitu, mkewe achukue Sapphire Preferred. Kadi iko kwa jina lake, ripoti ya Mpangaji haiguswi, bonasi inaingia nyumba moja.

#46 Binti_Pwani
Panda_Ndege wewe kila njia inaishia kwa Sapphire! Mwanamke ambaye historia yake yote ni ya mtumiaji wa ziada, Chase wanaweza kumkatalia kwa historia fupi. Kwake ningeanza na kadi isiyo na ada ambayo benki inakuonyesha kwa ukaguzi mwepesi, usiogusa alama, kama utakubaliwa. Discover au Capital One wanayo huduma hiyo. Angalizo: ukiendelea na ombi kamili Capital One wana desturi ya kuvuta ripoti zote tatu.

#47 MkongweWaKadi
Na akishaipata asiifunge.

#48 Mpangaji_Sugu
Mrejesho mfupi. Nimevuta FICO zangu, ya katikati ni 758. Programu ilikuwa ya VantageScore kama alivyosema Nyundo. Wiki hii nitalipa Double Cash kabla stetimenti haijafungwa ili isome chini ya 100, nione alama zitarudi ngapi. Gold nimewapigia, wamenipa ofa ya pointi 15,000 nikitumia dola 2,000 ndani ya miezi mitatu. Bado naiwaza.

#49 Chuma_cha_Pua
Ukilipa na zikarudi zote, nilikuwa sahihi tangu #6.

#50 Binti_Pwani
Zikirudi nusu, mkopo wa gari ndio uliokula nusu nyingine. Tupe namba, Mpangaji.

#51 HesabuNiHesabu
Zikirudi bado hatutajua, kwa sababu mwezi huohuo na athari ya mkopo wa gari itakuwa inapona yenyewe. Na angalia FICO na VantageScore zote mbili, usituletee moja tu.

#52 Nyundo
Kuhusu ofa ya Gold: uliza kama kuipokea kunakufunga ukae na kadi mwaka mzima. Wengine wameambiwa wakifunga mapema pointi zinachukuliwa. Uliza kwa maandishi, na uyapige picha majibu kabla ya zile siku 30 za stetimenti kuisha.